Taarifa Iliyosomwa Kinyume: Kisa cha “Must”, “Might” na Maneno ya Kiasi

## Usuli

Kisa hiki kinamhusu mtu mzima mmoja, mzungumzaji wa Kiswahili tangu utotoni, ambaye hapa ninamwita Mwanafunzi. Alikuwa fundi wa mitambo ya ubaridi katika ghala la bidhaa ambazo hazina budi kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kila zamu ilipokwisha alitakiwa kuandika taarifa fupi kwa Kiingereza, kwa kuwa meneja aliyezipokea taarifa hizo hakujua Kiswahili. Mambo yote yanayoweza kumtambulisha yeye au mahali alipofanya kazi yameondolewa, na sentensi zake ninazinukuu kwa idhini yake, zikiwa na makosa yake.

Alikuja kujifunza Kiingereza kwangu akiwa tayari na sarufi ya shuleni. Alijua kwamba baada ya can, could, may, might, must, shall, should, will na would kitenzi hubaki katika umbo lake la msingi, bila to na bila -s. Alijua kwamba kivumishi cha Kiingereza hakiwezi kufuata moja kwa moja kitenzi kisaidizi cha aina hii, bali hudai be katikati, hivyo kosa la kuandika “The room must cold” alikuwa ameliacha zamani. Alijua pia kwamba very hutangulia kivumishi, wakati sana ya Kiswahili hukifuata. Ninayataja haya mapema kwa sababu kisa chenyewe hakihusu makosa ambayo mwalimu huyazungushia wino mwekundu. Karibu kila sentensi iliyoleta matatizo, ukiitazama peke yake, ilikuwa Kiingereza kinachokubalika. Kilichokosewa ni maana.

## Taarifa ya usiku ule

Saa nane za usiku kipimajoto cha chumba cha pili kilionyesha nyuzi 9. Mwanafunzi alikwenda mlangoni, akausukuma kwa mkono, akaridhika kwamba umefungwa barabara. Kisha alitega sikio upande wa kompresa, yaani mashine inayoendesha ubaridi, asisikie mlio wowote. Hakuwa na ufunguo wa chumba cha mitambo, kwa hiyo hakuweza kujua kama kompresa ilikuwa imekufa au ilikuwa imekosa umeme tu. Aliandika sentensi tatu na kuzituma:

“Room 2 might be very warm. The door must be completely closed. The compressor can be dead.”

Baadaye nilimwomba aniambie kwa Kiswahili alichotaka kusema. Alijibu bila kusita: “Joto la chumba cha pili limezidi, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Mlango umefungwa kabisa, nina hakika nao. Huenda kompresa imekufa.” Hayo ni maelezo safi ya fundi aliyeifanya kazi yake vizuri. Karibu yote yalipotea njiani.

Meneja alisoma jambo tofauti katika kila sentensi. Ya kwanza ilimwambia kwamba fundi hajapima, anakisia tu: huenda chumba kina joto kali, huenda hakina. Ya pili aliisoma kama sharti, yaani kwamba ni lazima mlango ufungwe kabisa, na kutokana na sharti hilo akahitimisha kwamba mlango ulikutwa wazi. Ya tatu ilimfikia kama kauli ya jumla kuhusu mashine, kwamba kompresa huweza kufa, kauli isiyodai hatua yoyote usiku huo. Alimpigia simu mlinzi akamtuma aukague mlango. Mlinzi alisema umefungwa, na meneja akaona jambo limekwisha.

Asubuhi chumba kilikuwa kimevuka mpaka kwa saa kadhaa, na bidhaa zote za ndani zikalazimika kutengwa ili zikaguliwe. Mwanafunzi aliulizwa kwa nini hakupima joto na kwa nini aliacha mlango wazi. Alikuwa amepima, na mlango hakuuacha wazi. Alikuja darasani siku mbili baadaye akiwa ameumia, na kwa haki kabisa, kwa maana alikuwa amelaumiwa kwa uzembe ambao haukuwapo.

## Uamuzi wa kwanza

Nilianza na jedwali la asilimia. Majedwali ya namna hii yamejaa katika vitabu vya kufundishia Kiingereza: must huwekwa karibu na mia kwa mia, should chini yake, may na could katikati, might chini zaidi, na can’t kwenye sifuri. Nililichagua kwa sababu mbili. Mwanafunzi hufanya kazi na vipimo kila siku, nikadhani namba zitamkaa kichwani upesi; tena tatizo lilionekana kwangu, wakati huo, kuwa ni kuchagua kitenzi kisaidizi kisichofaa.

Wiki iliyofuata aliniletea taarifa yenye sentensi hii: “The fan may be noisy.” Nilimuuliza kama aliisikia feni. Alisema aliisikia vizuri, alikuwa amesimama chini yake. Basi kwa nini may? Akanieleza kwa utulivu kwamba may ni kama nusu, na kelele yenyewe ilikuwa ya wastani.

Hapo niliona kosa langu. Nilikuwa nimempa mizani bila kumwambia inapima nini. Asilimia za jedwali lile zinapima hakika ya msemaji, lakini hakuna mahali jedwali linaposema hivyo kwa herufi kubwa, na mtu ambaye siku nzima anasoma vipimo vya joto na msukumo wa hewa atachukulia, kama yeye alivyofanya, kwamba namba inapima kitu kinachoelezwa. Kisha nikairudia taarifa ya usiku ule nikiwa na jicho jipya. “Might be very warm” haikuwa bahati mbaya. Aliandika very kwa sababu nyuzi 9 ziko nje ya mpaka na jambo lilikuwa zito. Halafu akaweka might ili kuipunguza very, kwa kuwa nyuzi 9 si 20. Alikuwa anatumia kitenzi kisaidizi kama kitufe cha kupunguzia kiasi.

## Uamuzi wa pili

Niliondoa jedwali. Badala yake tulikubaliana kwamba kabla ya kuandika sentensi yoyote yenye kivumishi atajiuliza maswali mawili, na atajiuliza kwa Kiswahili. La kwanza: nimeona mwenyewe au ninakisia? La pili: ni kwa kiasi gani? Jibu la swali la kwanza linakaa kwenye kitenzi. Jibu la swali la pili linakaa mbele ya kivumishi. Hakuna hata moja lenye ruhusa ya kufanya kazi ya mwenzake.

Nilisisitiza Kiswahili kwa makusudi, ingawa walimu wengi wangeona ni kurudi nyuma. Katika Kiswahili Mwanafunzi hakuwahi kuchanganya mambo haya mawili. Hakuna mtu anayeshika komeo la mlango uliofungwa akasema “huenda mlango umefungwa”, wala anayesema “labda joto” akimaanisha joto kidogo. Uwezo wa kutenganisha hakika na kiasi alikuwa nao tayari; kilichokosekana ni njia ya kuupeleka kwenye Kiingereza.

Swali la kwanza lilifichua jambo ambalo lilimshangaza. Alikuwa ameandika “The door must be completely closed” kwa sababu alitaka kusema kwa nguvu zote kwamba mlango umefungwa, naye aliamini kwamba must ni neno lenye nguvu kuliko is. Katika Kiingereza mambo ni kinyume. Must ya kuhitimisha husema: sijaona, lakini dalili zote zinanielekeza huku. Anayesema “He must be very tired” hajaambiwa na mhusika kwamba amechoka. Ameona macho mekundu na mabega yaliyolegea. Aliyeona kwa macho yake huandika is, na hakuna kitenzi kisaidizi kinachoweza kuipita is kwa uhakika. Sentensi iliyomfaa usiku ule ilikuwa fupi kuliko aliyoandika: “The door is completely closed.”

## Kivumishi kinavyoamua maana ya kitenzi

Bado lilibaki swali la kwa nini meneja alisoma sharti pale. Must ina maana mbili, ya wajibu na ya kuhitimisha, kama ilivyo lazima ya Kiswahili, ambayo pia hutumika kwa yote mawili: “lazima afunge mlango” na “lazima amechoka”. Kiswahili hutusaidia kwa umbo la kitenzi kinachofuata, kwani afunge na amechoka havifanani. Kiingereza huacha be ileile katika hali zote mbili, na kazi ya kutofautisha huangukia kivumishi.

Nilimpa sentensi mbili: “The technician must be very careful” na “The technician must be very tall.” Ya kwanza karibu kila msomaji ataiona kama wajibu, ya pili kama hitimisho. Sababu ni kwamba uangalifu uko mikononi mwa mtu, urefu hauko. Kivumishi kinapotaja hali ambayo mtu anaweza kuisababisha au kuidumisha, kama careful, quiet, ready, clean na closed, msomaji huelekea kwenye wajibu. Kinapotaja hali isiyoweza kuamrishwa, kama tall, tired au old, huelekea kwenye hitimisho. Si kanuni ya chuma, kwa sababu muktadha unaweza kuigeuza, lakini katika taarifa ya sentensi tatu hakuna muktadha wa kutosha. Closed ilikuwa upande wa wajibu, na completely ikaongeza mkazo wa amri. Meneja hakusoma vibaya. Alisoma kama wengi ambavyo wangesoma.

Kwa hiyo, kama fundi angekuwa anakisia kweli, angehitaji kumsaidia msomaji: ama aweke ushahidi kando ya hitimisho, kama “The door must be closed, because the warning light is off”, ama atumie umbo la wakati uliopita, “The door must have been closed”, ambalo halisomeki kwa urahisi kama amri. Na kwa kukanusha asifikirie mustn’t. “The door mustn’t be open” ni katazo. Hitimisho la kukanusha ni “The door can’t be open.” Wapo wazungumzaji, hasa wa Marekani, wanaotumia must not be kwa hitimisho, lakini fundi anayeandika usiku kwa msomaji asiyemwona hana haja ya kujiingiza katika hatari hiyo.

Vivumishi vyenyewe tulivigawa kwa namna vinavyopokea kiasi. Kuna vinavyopanda na kushuka, kama warm, cold, noisy na wet, ambavyo hupokea very, fairly, slightly na a bit. Kuna ambavyo tayari viko kileleni, kama freezing, enormous na exhausted. Hivi husukumwa na absolutely, na very haikai navyo vizuri. Kuna vyenye ukomo, kama full, empty, closed na dead, ambavyo mtu huuliza kama vimefika au havijafika, hivyo huchukua completely, almost na nearly. Kabisa yetu haisaidii kugawa makundi haya, kwa sababu hutembea nayo yote bila shida. Mfano uliomvutia zaidi ulitoka mlangoni palepale: mtu husema “slightly open” lakini hasemi “slightly closed”, kwa kuwa uwazi kidogo tayari ni uwazi, ilhali kufungwa ni mpaka usio na nusu. Mlango uliobaki na upenyo ni slightly open au not completely closed, na kwa chumba cha baridi tofauti hiyo ina uzito.

Sentensi ya kompresa haikuhitaji muda mrefu. Can be yenye kivumishi hueleza tabia ya kitu kwa jumla, yaani kwamba mara nyingine huwa hivyo: “Old compressors can be very noisy.” Kwa tukio moja, la usiku mmoja, Kiingereza hutaka may, might au could. Kosa hili linatokana moja kwa moja na “inaweza kuwa”, ambayo kwa Kiswahili hubeba maana zote mbili.

Should niliigusa kwa sababu alikuwa ameanza kuitumia mahali pa must. Nayo ina maana mbili, ya wajibu na ya matarajio, na matarajio yake huelekea mambo mema. “The room should be cold enough by six” ni matarajio ya kawaida. “The room should be dangerously warm by six” humfanya msomaji ashtuke, kana kwamba mwandishi anatamani hivyo. Kwa matarajio mabaya, will probably be ni salama zaidi.

## Matokeo

Tuliiandika upya taarifa ya usiku ule, yeye akiongoza:

“Room 2 is slightly too warm: 9 degrees at 2 a.m. The door is completely closed. The compressor may be dead. I could not get into the machine room.”

Katika sentensi nne ni kitu kimoja tu kinachokisiwa, na ndicho pekee alichokisia kweli. Taarifa zake za miezi miwili iliyofuata, ambazo tulizipitia pamoja, hazikuwa na might iliyowekwa ili kupunguza kiasi hata mara moja. Must ya mkazo ilijitokeza mara mbili, zote katika taarifa alizoandika akiwa amechelewa kuondoka. Namba ya kipimo aliiweka kila mara, na hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe.

Tukio moja lilituonyesha kwamba tulikuwa tumefanyia kazi uandishi tukasahau usomaji. Meneja alimjibu: “Your last report could not be clearer.” Mwanafunzi alielewa kwamba taarifa haikueleweka, akaja kwangu amevunjika moyo. Sentensi ile ilikuwa sifa kubwa. Could not pamoja na kivumishi cha kulinganisha husema kwamba hakuna kiwango cha juu zaidi kilichobaki. Wakati “It could be clearer”, bila not, ndiyo lawama ya upole. Hapa kitenzi kisaidizi na kiasi havitenganishiki kabisa, jambo linalopingana na kanuni yangu ya maswali mawili, na nililazimika kumwambia hivyo waziwazi.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kutenganisha kujua na kiasi, na kufanya hivyo katika lugha ambayo mtu anaimiliki. Jedwali la asilimia lilishindwa kwa sababu lilileta mizani moja mahali palipokuwa na mizani mbili. Silikatai kwa wanafunzi wote. Ninalikataa kama hatua ya kwanza.

Kilichochelewa kuonekana, nami ninadhani ndicho chanzo hasa, ni neno moja ambalo Mwanafunzi hakuwa nalo mkononi: too. Very hutaja kiasi, too hutaja mpaka uliovukwa. Nyuzi 9 zimevuka mpaka wa 8, lakini kwa kidogo, na Kiingereza kina njia ya kusema yote mawili kwa pamoja, slightly too warm. Kwa kuwa mno na sana hubadilishana nafasi katika mazungumzo yetu ya kila siku, alifikia very, akaona imezidi, ndipo akatafuta cha kuipunguza na kuishika might. Tungeanza na too, pengine nusu ya kazi yote isingehitajika.

Adabu nayo ilichangia. Alikiri kwamba kumwandikia mkubwa “is too warm” kulimwonekea kama kumsuta. Na hakubuni ulaini wa might, kwani Kiingereza chenyewe huutumia: “You might be a bit early” ni njia ya kistaarabu ya kumwambia mgeni kwamba amewahi. Tofauti ni kwamba ulaini huo hufaa kwa maoni yanayosemwa ana kwa ana, ambapo anayesikia anajua tayari ukweli ulivyo. Msomaji wa taarifa hajui. Anachukua might kama habari. Tulihamishia heshima mahali pengine, kwenye salamu ya mwanzo na kwenye maneno ya kuomba maelekezo mwishoni, tukaacha sentensi za vipimo zikiwa wazi.

Lililonishinda ni quite. Pamoja na kivumishi chenye ukomo, kama quite full au quite impossible, humaanisha kabisa. Pamoja na kinachopanda na kushuka, kama quite warm, Mwingereza mara nyingi humaanisha kiasi fulani tu, na Mmarekani mara nyingi hukaribia very. Nilijaribu mazoezi ya aina tatu, na kila mara Mwanafunzi alibahatisha. Hatimaye tulikubaliana asiliandike katika taarifa, na anapolikuta katika barua ya meneja aulize: “How warm, in degrees?”